Zamu ya Kugombana

Wengine kanisani wamepewa karama ya kuimba, wengine ya kuwaombea wagonjwa. Mimi nilipewa zamu ya kugombana. Msinicheke. Jambo lilipitishwa kikaoni, mikono ikanyooshwa, na mchungaji akafunga kwa sala.

Kanisa letu ni dogo. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya saruji, na mpaka leo ukipiga magoti unainuka na magoti meupe, hata pafagiliwe vipi. Mchungaji wetu ni kijana fundi wa friji. Jumapili anahubiri, Jumatatu ameingiza kichwa kwenye friji ya mtu, na mwenyewe anasema kazi ni ile ile, kutafuta mahali panapovuja.

Basi Jumapili moja akahubiri kuhusu kutenda wema bila kujitangaza. Alihubiri vizuri, jamani, tukawaka. Ibada ilipoisha tukaunda kikundi cha kuhudumia mtaa, na kwa kuwa moto ulikuwa haujapoa, tukajiwekea sheria ambayo mtu mwenye akili timamu asingeiweka. Tutawasaidia majirani, wawe wa dini yetu au ya kwao, lakini anayesaidiwa asijue. Akijua, kazi imeharibika.

Tukawa kama wezi, ila sisi tunaingia kwa mtu mikono imejaa na kutoka mikono mitupu. Mlinzi mstaafu tulimzibulia mfereji akiwa kliniki. Dobi tulimkazia meza yake ya kupigia pasi akiwa safarini, na aliporudi akazunguka mtaa mzima akiuliza nani ameingia kwake, mpaka akabadilisha kufuli. Sisi tunamsikiliza kwa huruma, "Pole sana ndugu yetu, dunia imeharibika." Mzee Amina alilazimika kugeukia ukutani kucheka. Huyu ni dereva mstaafu, mzee wa kanisa, na tunamwita hivyo kwa sababu anaitikia "Amina!" kabla sala haijafika katikati, ili tuwahi chai.

Sasa, Wifi.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Anakaa katika nyumba ya baba yao, mkabala na yangu. Mlango wake na mlango wangu inatazamana. Sisi wenyewe ndio tulikuwa hatutazamani. Tangu msiba wa kaka yake hatukuwa na salamu. Sababu? Siku ya maziko, mbele ya wanawake wote, mimi nimebeba sufuria la chai ya waombolezaji, aliniangalia juu mpaka chini akasema kwa ile sauti yake ya kuita mtu wa ng'ambo: "Mjane gani huyu, macho makavu!" Haya. Nikatua sufuria, nikaanza kusubiri aniombe radhi. Nikasubiri mvua ikaja ikapita, ikaja nyingine. Mimi nikisubiri, nasubiri kweli.

Yeye naye akajifungia. Mwanamke aliyekuwa akipiga chafya huku unasikia kule, sasa mwisho wake kizingitini. Nyumba nayo ikamfuata. Bati la chumbani likaanza kuvuja, mlango wa choo ukabaki unaning'inia kwenye bawaba moja, plasta ya ukuta wa mbele ikadondoka vipande vipande. Yote hayo nikiyaona, maana cherehani yangu iko dirishani. Nilikuwa nikisema "Shauri yake!" halafu nashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Habari ikaletwa na Muuguzi, dada wa kanisani kwetu anayempimaga Wifi presha. Akatuambia kikaoni kwamba mtoto wa Wifi, yule mmoja aliye naye, amepiga simu. Mwezi ukiisha anakuja kumchukua mama yake akakae naye mjini, ghorofa ya nne, kwa sababu nyumba itamwangukia. "Amelia mpaka nimeshindwa kumpima," Muuguzi akasema. "Anasema nyumba ya baba yake atatoka akiwa amebebwa."

"Aende," nikasema. "Atapumzika."

Nilisema hivyo, na papo hapo nikatamani kulimeza neno. Maana akiondoka yule, mtaa mzima huu nani mwingine anamkumbuka mume wangu akiwa mtoto wa kuiba sukari? Mimi nilimkuta ameshaota ndevu. Mambo yote ya kabla ya ndevu yako kichwani mwa Wifi, na Wifi alikuwa anapandishwa ghorofa ya nne. Lakini ningesemaje? Mdomo ulishasema "aende."

Fundi Bati, ambaye ndiye aliyeezeka nusu ya mtaa huu, akasema paa lile ni kazi ya Jumamosi moja, mlango na plasta Jumamosi nyingine, rangi Jumamosi ya mwisho. Mchungaji akafurahi. Kisha akakumbuka sheria. "Tutaingiaje? Mama yule hatoki nje."

Watu wakaangalia magoti yao.

"Kuna kitu kimoja kinaweza kumtoa," Muuguzi akasema taratibu. "Ugomvi. Juzi wauza mkaa walizozana hapo nje, nikamwona amesimama dirishani, macho yanang'aa. Presha yake siku ile ilikuwa nzuri ajabu."

Hapo ndipo nikaona vichwa vinageuka. Kimoja, viwili, vyote. Vinaniangalia mimi, mwanamke wa watu, nimekaa na kikombe changu cha chai.

"Ati nini?" nikasema. "Nimetoka nyumbani kuja kumtumikia Mungu, mnanituma nikapigane na mtu?"

"Si kupigana, mama," Mchungaji akasema. "Kumtoa tu. Umpeleke mpaka kona, umweke hapo."

"Hapana. Siwezi, sitaki, na..."

"Amina!" akaitikia Mzee Amina, na mikono ikanyooshwa.

Mchungaji dhamiri ilimsumbua kidogo, nikamwona anajikuna shingo. Akaniwekea masharti. Matusi hapana, uongo hapana. Nigombane kwa ukweli mtupu. Nyinyi mmewahi kujaribu? Mtu akikunyima matusi na uongo, ugomvi unabaki na nini? Nilikaa wiki nzima kwenye cherehani nikitafuta maneno, nikamshonea mteja mkono wa kulia upande wa kushoto.

Jumamosi ikafika. Fundi Bati na ngazi yake wamejificha nyuma ya ua wangu, na kwaya yote imejipanga uani na ngoma, iimbe kwa nguvu ili nyundo isisikike. Nikatoka, nikasimama katikati ya njia, nikashika kiuno.

"Kaka yako," nikapaza sauti, "akitoka kunywa chai kwako alikuwa anakuja kunywa nyingine kwangu! Alisema ya kwako ni maji yaliyoonyeshwa majani!"

Ni kweli tupu, alisema. Pazia likacheza, mlango haukufunguka. Nikadhani sasa nimeaibika bure. Halafu mlango ukafunguka kwa kishindo na Wifi akatoka, kanga imefungwa vibaya, ndala mguu mmoja nyekundu mwingine bluu.

"Wee! Rudia!"

Nikarudia, huku narudi nyuma. Kila neno, hatua. Yeye anakuja, mimi narudi kinyumenyume, nikipapasa kwa kisigino nisitumbukie mtaroni. "Na wali wako ulikuwa unaungua!" ananirushia. "Uliungua mara moja, nikiwa na mimba!" namrudishia. Tukapita duka, tukapita kinyozi, wateja wakatoka na povu kidevuni, mpaka tukafika kona kwa dobi. Pale nikasimama imara. Nyuma yetu kwaya inaimba kama imelipwa, na ngoma inafuata nyundo badala ya nyundo kufuata ngoma. Wifi hakugeuka hata mara moja. Alikuwa na kazi. Alikuwa ananieleza jinsi nilivyoingia katika familia yao na sanduku moja na maringo matatu.

Niliporudi nyumbani sauti imekauka. Nikajilaza kitandani nikajikuta natabasamu, nikajikemea.

Jumamosi iliyofuata, kabla sijafungua mdomo, nikamkuta ameshasimama mlangoni. Amejifunga kanga vizuri, ndala zinafanana, na kichwani amesuka.

"Umechelewa," akaniambia. "Au umeishiwa?"

Jamani, yule mwanamke alikuwa amejiandaa! Wiki nzima alikuwa ndani anachambua makosa yangu kama mtu anayechambua mchele. Hata kunisubiri nirudi kinyumenyume hakusubiri, yeye ndiye aliyetangulia kuelekea kona, mimi nahema nyuma yake. Siku hiyo tuligombana nani alimjua kaka yake zaidi. Mimi nikasema hakupenda vitunguu. Yeye akasema alivipenda mpaka aliponioa mimi. Nikasema alikuwa akiogopa panya. Akasema, "Panya? Hujui! Alipokuwa mdogo alimfuga mmoja kwenye kiatu cha baba, na baba akavaa!" Akaeleza jinsi baba yao alivyoruka. Watu pale kona wakacheka, na mimi kicheko kikanipanda mpaka puani, nikakikohoa. Dobi alikuwa amesimama mlangoni kwake, pasi mkononi, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Ningejua alichokuwa anawaza, ningemziba mdomo siku ile ile.

Jumamosi ya rangi ndiyo iliyokuwa ngumu. Tulifika kona, tukatupiana mawili matatu ya kawaida, mambo ya nani aliazima kinu asirudishe. Kisha Wifi akaliacha ghafla la kinu. Akaniangalia.

"Kwa nini hukulia?" akaniuliza. Sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo.

Uongo nilikatazwa. Nikatafuta pa kutokea, sikupaona.

"Nililia hospitali," nikamwambia. "Nililia kabla hajafa, kwenye choo cha wodi, nimefungulia bomba asinisikie. Siku ya kuzika sikuwa na kitu kimebaki. Na wewe ulikuwa unalia vizuri, Wifi. Ulilia kwa ajili yetu sote. Nikaona wa kulia yupo, ngoja mimi nichemshe chai."

Hasira yangu ya siku zote hizo nikaitafuta, nikaona mahali ilipokuwa panauma tu. Kule nyuma kwaya ilikuwa imefika mwisho wa wimbo, na katika ule ukimya tukasikia wazi mtu anakwangua ndoo ya rangi. Wifi hakugeuka.

"Ungesema," akaniambia.

"Ungeuliza."

Akavuta pua, akajifunga kanga upya, akaanza kurudi nyumbani. Moyo ukanipasuka, si kwa huzuni, kwa rangi! Mchungaji na Mzee Amina bado wako kwenye ukuta na brashi zao. Nikamkimbilia nikapiga kelele: "Na bado hatujamaliza! Kaka yako alikuwa anakoroma!" Akasimama. Akageuka polepole.

"Kaka yangu," akasema, "hakuwahi kukoroma maisha yake yote." Tukarudi kona, ugomvi ukaanza upya, na safari hii hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekunja uso.

Mwezi ukaisha. Mtoto wa Wifi akaja na gari, na mabegi mawili makubwa hayana kitu. Kijana mzuri, shati limenyooka, anafanya kazi ofisini. Sisi watu wa kikundi tukajikuta sote tuko kwake, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Muuguzi amekuja kupima presha. Fundi Bati anatafuta nyundo aliyoiangusha "pengine huku". Mchungaji amekuja kusalimia, na rangi bado iko nyuma ya sikio lake. Mimi nimekuja kwa sababu nimeona wote wameingia.

Kijana akazunguka nyumba. Akasukuma mlango wa choo, ukafunga. Akaingia chumbani akatazama juu. Akarudi sebuleni.

"Mama, nani ametengeneza?"

"Sijui, mwanangu. Kila Jumamosi nikitoka kwenda kugombana, nikirudi nakuta kitu kimepona. Malaika wa siku hizi wanatembea na ngazi." Akamtazama Mchungaji sikio, Mchungaji akatazama dari.

Tukadhani tumeshinda. Nikaona Mzee Amina anajiandaa kuitikia.

"Vizuri," kijana akasema. "Nyumba iko sawa. Lakini bado tunaondoka leo, na si kwa sababu ya nyumba. Ni kwa sababu ya huyu." Akaninyooshea kidole. Mimi, mke wa mjomba wake, niliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule! "Dobi amenipigia simu akilia. Anasema kila Jumamosi unamburuta mama yangu mpaka kona, unamfokea mbele ya watu. Mwanamke wa umri huu, mgonjwa wa presha. Huoni aibu?"

Mnaona? Tulimkazia dobi meza bila kumwambia, na huo ndio mshahara wetu. Nikamtazama Mchungaji. Akafumba macho, nadhani alikuwa anaomba, au anajificha. Nikawatazama wote, wakawa wanatazama miguu. Kulikuwa na njia moja tu, niseme ukweli. Nilitumwa, kijana wangu. Ilikuwa zamu, tulikuwa tunamtoa nje ili tumwezekee paa. Sheria ya siri ningeivunja bila kusita, ningeikanyaga kwa ndala.

Nikafungua mdomo, halafu nikamwona Wifi. Amesuka. Amevaa kanga nzuri. Nikafikiri, nikisema nilitumwa, atajua nilikwenda mlangoni kwake kwa amri ya kikao. Ataondoka na hiyo, au atabaki nayo, sijui ipi mbaya zaidi. Kwamba baada ya ukimya wote ule wifi yake hakuja mwenyewe, aliletwa na mikono iliyonyooshwa. Lakini nikinyamaza, begi linajazwa.

"Kijana wangu," nikaanza, "mimi..."

"Wewe nyamaza," Wifi akanikata. "Ukisema utaharibu."

Akasimama. Kijana alikuwa ameshachukua nguo mbili tatu kwenye kiti, anazikunja kuziingiza begini.

"Weka hizo chini."

"Mama, nimeshaongea na mke wangu, chumba kiko tayari. Utapumzika, hakuna wa kukupigia kelele..."

"Huyu hajawahi kunitukana," Wifi akasema. "Wala kunidanganya. Umewahi kusikia mtu anagombana bila uongo hata mmoja? Mimi nimeishi sana, sijaona. Tuache hilo. Wewe niambie kitu kimoja tu. Huko kwako, ghorofa ya nne, nitagombana na nani?"

Kijana akabaki na nguo mkononi. "Yupo... yupo mke wangu."

"Mkeo ana adabu! Nilikaa kwenu mwezi mzima. Nikimwambia chai haina ladha, 'Sawa, mama.' Nikimwambia pazia limepinda, 'Sawa, mama.' Nikamwambia siku moja kwamba mjomba wako alimfuga panya kwenye kiatu, akanijibu, 'Sawa, mama,' akaenda kuosha vyombo." Sauti ikamtetemeka, akaikaza. "Mwanangu, mimi presha haitaniua. Nitakufa kwa sawa mama."

Kijana alimtazama mama yake muda mrefu, kisha akanitazama mimi, si kwa upendo, lakini alinitazama. Akazirudisha nguo kwenye kiti, moja moja, akakunja yale mabegi matupu na kuyaweka chini ya kwapa.

Wifi akanigeukia. "Na wewe Jumamosi uwahi. Nina jambo zito kuhusu kinu changu."

Nilitaka kumjibu kitu kikali, nilikuwa nacho tayari, lakini mdomo ukatoa neno lingine kabisa.

"Sawa, Wifi."

"Wee!" akaruka, kidole usoni kwangu. "Na wewe usinianzie!"